Kawa la Farahani

Jambo ninalotaka kulisimulia halikutokea. Nalisema hilo mapema, tena kwa sauti, asije mtu akadai kwamba Balozi Hemedi anaeneza habari. Mimi ni balozi wa nyumba kumi katika mtaa wetu, nina mhuri na kofia, na tangu nivishwe kofia hiyo sijaeneza kitu isipokuwa matangazo ya serikali. Ninyi mna nchi yenu na taratibu zenu, sitaki kuwaingilia. Kwetu sisi ipo Sheria ya Mwonekano, na chini ya sheria hiyo jambo hili halikutokea hata kidogo, ingawa nilikuwa nimekaa pale pale, juu ya kiti nilichotoka nacho nyumbani kwangu.

Nianze na sheria yenyewe, maana mgeni anaweza kutuona wajinga.

Zamani nchi yetu ilikuwa na ofisi. Mtu akipata shida alikwenda ofisini, akapanga foleni, akaambiwa mhusika ametoka kidogo, jioni akarudi kwake. Serikali ikaona huo ni usumbufu. Ikafunga ofisi zote kwa mkupuo, ikafungua Uwanja. Uwanja umo ndani ya simu. Mwenye shida anairusha humo, watu wanaitazama, na wakitimia wa kutosha serikali inaishughulikia. Idadi hiyo ya kutosha inaitwa kima. Sharti ni kwamba watazame kwa hiari yao, bila kulipwa. Kununua macho ni kosa la jinai. Na jambo lisilofikia kima, kisheria halikutokea.

Msicheke. Sheria hii imetuletea maendeleo makubwa. Mafuriko ya bonde la mashariki hayakutokea, kwa sababu yalirushwa siku ya fainali ya mpira. Kuhara kumetoweka nchi nzima, kwani hakuna mtu anayependa kutazama kuhara. Daraja la Mto Kengeza lilianguka na watu wake, likakosa kima kwa macho machache tu, na mpaka leo kwenye ramani limesimama na magari yanashauriwa kulitumia.

Nani aone nini, hilo huamuliwa na Mpangilio. Wengine wanasema Mpangilio ni mashine, wengine wanasema ni jamaa wawili na jenereta. Ninachojua mimi ni kwamba umewekwa kwenye jengo lenye viyoyozi vilivyotolewa hospitali ya mkoa, na kwamba hubadilika. Ukibadilika, Mkurugenzi wa Mpangilio, Bwana Ngwembe, hutokea Uwanjani amevaa suti ya kijivu na kusema, "Ndugu wananchi, Mpangilio umebadilika. Endeleeni kujitahidi." Waandishi wakimuuliza umebadilikaje, hujibu, "Kwa manufaa yenu."

*

Bosi wa Ngwembe ni Waziri wa Mwonekano, Mheshimiwa Daktari Mbwana Shangwe. Mungu amempa sauti nzuri na pumzi ndefu, na anavitumia vyote viwili. Lakini alikuwa na huzuni moja iliyomla ndani kwa ndani: hakuna mtu aliyemtazama kwa hiari. Alirusha hotuba, watu wakapita. Alirusha picha akimwagilia mti, watu wakapita, na mti ukafa. Mwishowe akatoa waraka kwamba walimu, manesi na askari wote wawe na hiari kila siku saa nne asubuhi.

Wakawa nayo. Wanafunzi walikaa kimya, wagonjwa wakangoja, wezi wakapumua kidogo, huku watumishi wa umma wakimtazama Waziri. Lakini Mpangilio ulikataa kuwahesabu. Ngwembe akalazimika kumweleza Mheshimiwa, macho yake yakiwa kwenye zulia, kwamba mashine inamtambua mtu aliyelazimishwa.

"Inamtambuaje?" Waziri akauliza.

"Hapepesi macho, Mheshimiwa."

Hali ilikuwa hivyo siku ya kuzindua Sanamu ya Kidole Gumba. Sanamu yenyewe mmeisikia bila shaka. Ni kidole gumba cha saruji, kirefu kuliko mnara wa maji, kimesimama kwenye mzunguko wa barabara kuu kama ishara ya taifa kuafiki. Waziri alihutubia. Alianza na historia ya kidole gumba tangu enzi za mababu. Jua lilikuwa utosini na hotuba ilikuwa bado imo kwa mababu, pale Farahani alipopiga miayo.

Farahani ni fundi baiskeli wa mtaa wetu, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Mtu mrefu, mpole, mikono kama sepetu. Alikuwa amekesha akiunga baiskeli ya mtu aliyekuwa na safari. Hakuwa na nia mbaya. Alifungua kinywa tu, kikafunguka, kikaendelea kufunguka mpaka jino la mwisho, na kamera ya serikali ilikuwa imemwelekea yeye.

Klipu ile ilitazamwa na nchi nzima. Kwa mara ya kwanza tangu Uwanja ufunguliwe, sherehe ya serikali ilitazamwa bila waraka. Na ninyi mnajua miayo ilivyo. Mwenye kuitazama naye alipiga, na aliyekaa karibu naye akapiga, na jioni hiyo taifa lote likapiga miayo kuanzia mpakani hadi mpakani. Inasemekana Mheshimiwa Shangwe alipoonyeshwa, naye alipiga. Hilo ndilo lililomuuma.

Kesho yake Farahani alichukuliwa kwa kosa la kupiga miayo yenye ushawishi. Hakupelekwa mahakamani, kwa sababu mahakama nayo ilikuwa imehamia Uwanjani. Aliwekwa mahabusu mpaka maombi ya kumwachia yafikie kima.

*

Mkewe anaitwa Sikudhani. Ni msusi, mikono yake ina kasi na mdomo wake una kasi zaidi. Alinijia na kichana kingali kimechomekwa kichwani.

"Balozi, mume wangu kapiga miayo. Hakupiga mtu."

"Najua, mwanangu."

"Basi nenda ukawaambie."

Nikamweleza kwa upole kwamba sina wa kumwambia, ofisi zimefungwa, arushe Uwanjani kama watu wengine. Akanitazama jinsi mtu anavyotazama nywele zenye chawa. Halafu akakaa kwenye kizingiti changu, akashika simu na kusema kwa kifupi kwamba yeye ni Sikudhani, mumewe ni Farahani, hana kosa, anaomba arudi nyumbani. Alisema vizuri hata mimi nikaguswa. Waliomtazama ni dada yake, mimi, na mtu mmoja aliyekuwa anatafuta bei ya mahindi.

Mpangilio wakati ule ulikuwa unapenda ngoma. Alikuja mteja wake mmoja akamtonya. Basi Sikudhani akacheza. Mume yuko mahabusu, yeye yuko jikoni anakata kiuno na karatasi kifuani imeandikwa "MWACHIENI FARAHANI". Alicheza kwa hasira, na kwa kweli alicheza vizuri. Macho yakaanza kuongezeka. Wiki haikuisha, Ngwembe akatokea na suti yake: Mpangilio umebadilika, endeleeni kujitahidi.

Sasa ulipenda machozi. Sikudhani akalia, naye kulia alikuwa nako kwa wingi, hakuhitaji msaada. Lakini nchi nzima ilikuwa inalia. Wauza magari walilia, wagombea ubunge walilia, vitunguu vikaadimika sokoni. Aliyelia kwa sababu ana msiba hakutofautiana na wengine, tena alionekana hajajiandaa vizuri, maana alilia na kamasi.

Akaenda kwenye semina ya wizara. Mimi ndiye niliyemsindikiza. Ngwembe alisimama mbele na kijiti, akatufundisha namna ya kukuza watazamaji wa hiari: kuwa mkweli, rusha kila siku, ijue hadhira yako, usikate tamaa. Sikudhani akanyoosha mkono.

"Hadhira yangu ni nani?"

"Ni wale wanaokutazama, mama."

"Hawanitazami."

"Basi hao siyo hadhira yako."

"Sasa hadhira yangu iko wapi?"

"Swali zuri sana," akasema Ngwembe, akaandika ubaoni: ULIZA MASWALI.

Baada ya machozi Mpangilio ulipenda ugomvi. Sikudhani akapatana na wifi yake, Tabu, dada yake Farahani, wagombane kwa mpango. Walikaa kwangu, wakachagua matusi yatakayotumika na yasiyotumika, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Niliwapikia chai. Lakini kamera ilipowashwa, Tabu alinogewa. Akamwambia Sikudhani mbele ya watu: "Wewe ndiye uliyemchosha kaka yangu! Mwanamume anayelala kwake vizuri hapigi miayo!" Hilo halikuwa kwenye mpango. Sikudhani akajibu na yeye lisilokuwa kwenye mpango, kuhusu ndoa ya Tabu iliyovunjika. Hapo walikuwa wamebakiza kidogo tu kufikia kima. Mpangilio ukabadilika kabla ya magharibi, na mawifi wale hawajasemeshana mpaka leo.

*

Nije sasa kwenye kawa.

Kwetu, na nadhani hata kwenu, mtu wa nyumbani akiwa hayupo wakati wa chakula hufunikiwa chake. Sehemu yake inapakuliwa sahanini, inafunikwa kwa kawa, inangoja. Hata akiwa safari ya mbali hufunikiwa, kwa sababu hakuna ajuaye atarudi lini. Na chakula kilichofunikwa kwa ajili ya mtu hakifunuliwi na mwingine. Mwenyewe asipotokea mpaka asubuhi, chakula hicho wanapewa kuku.

Sikudhani alikuwa anamfunikia Farahani tangu siku ya kwanza, bila kumwambia mtu. Mimi nilijua, kwa sababu kuku ni wangu. Walinawiri ajabu.

Jioni moja alikuwa amejirusha Uwanjani akijaribu sijui nini, pengine kuimba, akaishia katikati. Akaegemeza simu kwenye kopo la sukari akaenda nje kuanua nguo, akasahau kuizima. Simu ikawa inaonyesha meza na kawa. Kawa la ukindu, la kawaida, limechakaa pembeni. Kumbe watu waliokuwa wakipita Uwanjani walisimama. Mmoja akauliza, "Ndani kuna nini?" Mwingine akauliza, "Ni cha nani?" Aliporudi na nguo zake begani akakuta watu wamejaa humo kimya, kama waliofika kwenye nyumba ya jirani wakakuta mwenyewe hayupo.

Akainama mbele ya simu, akasema, "Ni cha mume wangu. Yuko mahabusu. Leo nimempikia dagaa." Akazima.

Kesho yake, saa ya chakula cha jioni, akarudia hivyo hivyo. Alipakua, akafunika, akasema, "Chakula chako hiki, Farahani. Leo ni maharage." Hakuongeza neno. Akakaa pembeni mwa meza, na watu wakakaa naye. Siku ya tatu walikuwa mara kumi yao. Walitoka mijini na vijijini, mabaharia na walinzi na wajane. Wengi wao nao walikuwa na mtu waliyemfunikia, au hawakuwa na wa kuwafunikia wao. Mpangilio ukabadilika, kawa likatazamwa. Ukabadilika tena, likatazamwa. Ngwembe alitangaza mabadiliko asubuhi na mengine alasiri, suti ikaanza kumpwaya, na kawa likaendelea kutazamwa.

Bila shaka wizara haikukaa kimya. Mheshimiwa Shangwe akaagiza kawa lake, la nyuzi za dhahabu, chini yake mbuzi mzima. Akakaa nyuma yake na kutabasamu kwa muda wa taarifa ya habari nzima. Hakuna aliyefika. Ngwembe akamweleza kwa uangalifu kwamba kawa la yule mwanamke linatazamwa kwa sababu mwenye chakula hayupo.

"Je, na mimi siwezi kutokuwepo?" Waziri akauliza.

"Inawezekana, Mheshimiwa. Shida ni kwamba itabidi watu wakungoje."



*

Maombi yakafikia kima. Mtaa mzima ulipiga vigelegele, nami nilipiga, nikiwa nimevua kofia kwanza. Sikudhani akafua shuka, akapaka rangi mlango. Hapo ndipo Ngwembe alipotangaza kwamba kima kimepanda, kwa manufaa yetu. Sikudhani akangoja. Maombi yakafikia kima kipya. Kikapanda tena.

Wakati huo watazamaji walianza kusema yao kwenye maoni. Walikuwa watu wema, sitaki muwafikirie vibaya. Mmoja aliandika, "Dada, kesho mpikie kisamvu, mimi nakipenda." Mwingine aliandika, "Jamani asirudi Jumamosi, nina harusi ya mdogo wangu, nitapitwa." Na mwingine, mwenye picha ya ua: "Siku akirudi tutakuwa tunatazama nini?" Huyo alipewa vidole gumba vingi kuliko wote.

Sikudhani alinisomea hilo mwenyewe, kwa sauti, kwenye kizingiti changu.

"Balozi, hawa wananipenda, au wanapenda asiwepo?"

"Wote wanaomba arudi, mwanangu."

"Wanaomba," akasema. Akaendelea kuitazama simu. "Juzi niliota amerudi, nikamwambia ngoja kwanza, usile, nitafute simu. Nimeamka najichukia."

Nilimwambia apumzike, naye akacheka kicheko kisicho na furaha, akaenda kupika.

Mwishowe Waziri akapata wazo, na ngoja nikiri kwamba lilikuwa wazo zuri. Kama nchi nzima inangoja kuona kawa likifunuliwa, basi na lifunuliwe kwenye ukurasa wake yeye. Farahani ataachiwa, mubashara, mbele ya Waziri, na taifa litamtazama Waziri kwa hiari. Tangazo likatoka: kuachiwa kwa mtu ni kazi ya serikali, kwa hiyo kutarushwa na serikali peke yake. Ukurasa wa Sikudhani utafungwa jioni hiyo ili wananchi wasichanganyikiwe.

Sikudhani aliwaomba warushe kwake. "Watu wanajua njia ya kwangu," alimwambia Ngwembe. "Kwenu hawajui hata mlango."

"Mama," akasema Ngwembe, "unataka mumeo au unataka watazamaji?"

Akasema anamtaka mumewe.

*

Siku hiyo walipaka rangi nyumba ya Sikudhani upande unaoonekana kwenye kamera. Majirani wote tuliamriwa tufike, nikabeba kiti changu. Sikudhani alikuwa amevaa khanga mpya na nywele amesukwa na Tabu, ambaye alikuja, akasuka bila kufungua mdomo, akaondoka. Mezani palikuwa na ugali na samaki wa kukaanga. Kawa lilikuwa lile lile. Waziri alikuwa ameleta la dhahabu, ila Sikudhani alimtazama tu, na Mheshimiwa akalirudisha ndani ya gari.

Farahani akashushwa. Alikuwa amekonda, shati limemzidi, lakini mikono ilikuwa ile ile. Alipomwona mkewe akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyechelewa kurudi kutoka kazini. Hawakuruhusiwa kugusana kabla ya hotuba.

Hotuba ikaanza. Mwanzoni watu walikuwa wengi. Nilimwona Ngwembe akitazama simu yake na rangi kumrudia. Walikuja wote wa kawa, kutoka kila pembe. Lau kawa lingefunuliwa hapo hapo, leo ningekuwa nasimulia habari nyingine. Lakini Mheshimiwa Shangwe alikuwa hajawahi kutazamwa na umati kama ule, na mtu akishalewa sifa kumtoa ni kazi.

"Ndugu wananchi," akasema, "kabla hatujafunua, hatuna budi kujiuliza: kawa ni nini? Tukirejea enzi za mababu, tutaona kwamba ukindu ulikuwa ni nguzo ya utaifa wetu. Ukindu ulisukwa, ukindu ulifumwa, ukindu, nasema, ulituunganisha..."

Alikuwa bado yumo kwenye ukindu nilipomtazama Farahani na kuona taya likimcheza. Miayo ilikuwa inampanda. Watu wa mahabusu hawalali vizuri, wote mnajua. Aliuma meno. Mishipa ikamtoka shingoni, machozi yakamchuruzika mpaka kidevuni. Sikudhani akaona. Akasogea polepole, akamkanyaga kidole cha mguu kwa kisigino, akabaki hapo amekikanyaga. Hotuba ikatoka kwenye ukindu, ikapita kwenye mkaa na maji, ikafika kwenye mafanikio ya wizara. Farahani hakupiga miayo. Sijawahi kuona mtu mwenye nguvu kama yule, nami nimeishi.

Ndipo Waziri akasema, "Sasa natangaza rasmi kwamba huyu ni mtu huru. Funua chakula chako."

Sikudhani akamnawisha. Alimwagia maji taratibu, akayasugua makovu ya kwenye kifundo cha mkono kana kwamba ni uchafu utakaotoka. Farahani akaketi. Akanyanyua kawa kwa mikono miwili, akaliweka chini. Mvuke ulikuwa umeshaisha zamani. Akamega tonge, akalitia shimo kwa kidole gumba, akachovya, akala. Akafumba macho akitafuna. Wanawake wakaanza kulia, na hakuna Mpangilio uliowaambia walie.

Nikamsikia Ngwembe akimnong'oneza Waziri. Wakati wa mkaa na maji watu walikuwa wameanza kuondoka. Wakati wa mafanikio ya wizara waliondoka wote. Kawa lilipofunuliwa waliokuwa wakitazama ni dereva wa Waziri, mke wa Waziri, na Waziri mwenyewe kwenye simu yake ya pili.

"Hatukuonekana, Mheshimiwa."

"Hata kidogo?"

"Kisheria, hapana. Hakuachiwa."

Niseme kwamba Mheshimiwa Shangwe alisikitika. Nilimwona kwa karibu, alisikitika kweli, ingawa sidhani alimsikitikia Farahani. Ngwembe akafafanua, kwa wote tusikie, kwamba kwa kuwa hakuachiwa basi bado ni mahabusu, na kwa kuwa ni mahabusu yuko nje bila kibali, lakini wizara kwa huruma yake haitamhesabia hilo kuwa kosa, maana nalo halikuonekana. Askari wawili wakasogea.

Farahani bado alikuwa na samaki mkononi. Akauliza, "Naweza kumaliza kula?"

"Bwana Farahani," akasema Waziri, "huwezi kumaliza kitu ambacho hujaanza."

Sikudhani akatugeukia sisi majirani. Hakupiga kelele. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba chumvi. "Semeni mmeona. Ninyi wote mko hapa. Balozi, sema umeona."

Lakini Ngwembe alikuwa ameshaanza kueleza kwamba macho ya waliofika kwa miguu hayahesabiki, kwani tuliamriwa kufika, na mtu aliyeamriwa hana hiari. Ni kweli tuliamriwa. Agizo nililitembeza mimi, nyumba kwa nyumba. Nikarekebisha kofia.

Wakamchukua. Mlangoni aliinamisha kichwa ili asijigonge juu, kama alivyozoea, na alipofika garini akapiga miayo mirefu, yote aliyokuwa ameizuia. Kamera zilikuwa zimeshazimwa.

*

Jioni iliyofuata ukurasa wa Sikudhani ulifunguliwa. Nilidhani hatarusha. Alirusha. Kawa lilikuwa mezani, na watu wakarudi, wote, na wengine wapya. Hakuna aliyeuliza habari za jana, kwa sababu jana hapakuwa na kitu. Mmoja akaandika, "Leo umempikia nini, dada?"

"Ni kile kile," akasema.

Kima kilipanda asubuhi yake.

Kulipokucha niliona kuku wangu wamejipanga mlangoni kwake wakingoja, naye hajatoa kitu. Nikaenda kumkumbusha. Alikuwa ameketi mezani na ile khanga ya sherehe.

"Hiki hakiendi kwa kuku, Balozi. Hiki kimeguswa na mwenyewe."

Nikaona ni wajibu wangu. Nikavuta kiti, nikamwambia kwa upole, kama baba, kwamba asijiumize, kwamba anajua vizuri msimamo wa serikali, na mambo haya yakirudiwarudiwa yanaweza kumharibia mumewe. Nikamwambia hakuna aliyegusa chakula kile.

Hakubishana. Akanyanyua kawa. Samaki alikuwa ameliwa upande mmoja. Ugali ulikuwa umekauka na kuwa mgumu, na ugali ukikauka haupotezi alama. Pale ubavuni palikuwa pamemegwa, na kwenye ukingo pamebaki shimo la kidole gumba, pana, la mtu mwenye mikono kama sepetu. Ungeweza kuona hata mistari ya ngozi.

"Unaona?" akaniuliza.

Nikainama. Nikatazama kwa muda mrefu, kwa hiari yangu, bila kulipwa na mtu.

Nikamwambia sioni kitu.